Frasila Mbili

Bagamoyo, Jumanne 4 Juni 2024

Tumeanza. Tuko watano pamoja nami: mcheza ngoma, mpiga udi, fundi wa taa na kijana atakayekuwa Yusuf. Mswada wa tamthilia hatuna, wala sitaki tuwe nao mapema. Kila mtu ana nakala yake ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Gurnah aliitoa riwaya hii kwa Kiingereza mwaka 1994, lakini nikisoma mazungumzo ya Yusuf na Khalil pale dukani nasikia Kiswahili kitupu, kana kwamba maneno yamerudi kwao.

Nilimwomba kila mmoja alete kitu kimoja kilichomganda moyoni. Mcheza ngoma alileta mapagazi. Mpiga udi na fundi wa taa wote wawili walileta bustani ya Aziz, yule mfanyabiashara. Kijana alileta sarafu ya anna kumi, ile ambayo Aziz humpa Yusuf kila anapokuja kwao. "Mwalimu," akasema, "mimi naona alikuwa anamnunua kidogo kidogo." Nimeyaandika maneno yake kwa chaki ukutani.

Ijumaa 7 Juni

Siku mbaya. Nilisoma kurasa kwa sauti, wao wakaigiza. Nikisema "akalia," kijana analia. Macho yanapewa kile ambacho masikio yamekwisha kupokea. Tumeifuta kazi yote ya siku mbili.

Jumatatu 10 Juni

Mzigo wa pagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mji huu ndio uliokuwa mwisho wa njia yao kutoka Ujiji na Tabora. Nimepita kwenye mitaa hii miaka mingi bila kuujua uzito huo. Leo tumejaza mchanga wa pwani kwenye gunia, tukaupima kwa mizani ya muuza mahindi.

Mcheza ngoma akajitwika, akazunguka ua huku akisimulia safari ya msafara wa Aziz kwenda kwa mtawala Chatu. Duru ya kwanza alisema vizuri. Ya tatu, sentensi zilianza kukatika pasipotakiwa: kitenzi kinabaki nyuma, jina linatoka kwa kupiga kite. Mpiga udi aliacha nyuzi, akaanza kugonga tumbo la udi kwa vidole akifuata ile pumzi. Hakuna aliyemwelekeza. Hapo nikaelewa kwamba msimulizi tunaye tayari, ni mapafu ya mtu. Nilitamani wazimalize duru kumi, lakini shingo ya mtu si ya kuchezea, nikamtua.

Alhamisi 13 Juni

Usiku kucha nimesumbuliwa na jambo moja. Yusuf anafuata msafara, lakini hakuchukuliwa kwao ili abebe. Alichukuliwa kwa deni la baba yake. Khalil hachoki kumwambia kwamba Aziz si jamaa yake, kwamba amwite Seyyid, na mtoto haelewi.

Asubuhi nilimwomba kijana apande kwenye mizani. Kilo 51, frasila tatu na ushee. Mcheza ngoma akamweka begani mahali pa gunia, akaondoka naye. Kijana hakusema neno, aliutazama tu ua ukipita chini yake. Mpiga udi alishindwa kupiga. Tumekaa kimya muda mrefu, kisha nikasema basi, hii ndiyo rehani, tusiongeze kitu.

Jumamosi 22 Juni

Bustani imepatikana: karai la maji, taa moja ikimulika kutoka juu, na ukuta mweupe. Ukigusa maji kwa kidole, ukuta wote unatetemeka. Hatutaweka hata jani moja. Mtazamaji ataiona bustani, na kwa kuwa iko ukutani hataweza kuingia.

Ijumaa 28 Juni

Mwisho umetugawanya. Katika kitabu Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Mcheza ngoma anataka kijana atuliwe kutoka begani, kisha akimbie mikono mitupu.

"Kaka, hapana," kijana akamwambia. "Yusuf hajawahi kuwa mwepesi. Akinitua, nalichukua gunia."

Tumejaribu hivyo. Aliinama, akajitwika mchanga wote, akakimbia kuelekea lango bila taa, bila udi. Aliishiwa pumzi hatua tano kabla ya kufika, na kwenye giza tukawa tunasikia kifua chake tu. Kesho tutasogeza karai nyuma, tupime upya umbali.