Si kila kitu ni cha kutupwa kwa Utils

Kuna watu wakiona neno static kwenye msimbo wanaruka kama wameona nyoka. Wengine nao wana klasi moja inaitwa Utils, na kila kitu kinatupwa humo kama ile droo ya jikoni yenye betri zilizokwisha na funguo za kufuli zilizopotea. Mimi huuliza swali moja tu: hii methodi nikiipa kitu kilekile leo na kesho, itanijibu vilevile?

Kama ndiyo, wacha iwe statiki. Chukua ile ya kugeuza 0712 iwe 254712 kabla namba haijaenda kwa M-Pesa. Inapokea maandishi, inarudisha maandishi, kazi imeisha. Kuiundia objekti ni kujisumbua bure. Hata kwa Java, Math.max na Math.abs ni statiki.

Shida ni ile methodi inayojifanya mpole. Tuseme una programu ya mikopo, na kuna statiki inaitwa amechelewa(mkopo). Ukichungulia ndani, imeita LocalDate.now(). Hiyo inasoma saa ya seva, na seva nyingi zimewekwa UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Saa saba usiku Nairobi, seva bado inaishi jana. Mkopo wa kulipwa tarehe 30 umeshachelewa, seva inasema bado. Siku mtu akibadilisha saa ya seva bila kugusa msimbo, mteja anapigwa faini saa ambayo mwezi uliopita hangepigwa. Nenda ukamweleze.

Na kuijaribu pia ni balaa, kwa sababu huwezi kuiambia "jifanye leo ni tarehe 31".

Wengi hapa wanakimbilia kuunda objekti tatu na interfesi. Aki, pole pole. Ipe tarehe kutoka nje: amechelewa(mkopo, leo). Bado ni statiki, lakini sasa haina siri.

Ya kutuma SMS ndiyo siwezi kuitetea. Ikiwa statiki, kila anayeiita amefungwa nayo, na ukiendesha majaribio na namba halisi, simu ya mtu inalia saa nane usiku ikimdai deni. Hiyo ifanye objekti nyuma ya interfesi, ili kwa majaribio uweke ya bandia isiyotuma chochote.

Halafu jina Utils lenyewe, hapana. Ile ya namba iite NambaZaSimu. Anayeanza kazi Jumatatu ataipata bila kukupigia.