Moyo unatibiwa, tumbo linaungua

Juma hili tuongee juu ya dawa za kupunguza asidi ya tumbo, hasa kwa wagonjwa wa moyo.

Katika ushirika wetu hapa Lubarika tuko na dada mkubwa mmoja aliyeandikiwa na daktari aspirini ya kila siku kwa sababu ya moyo. Baada ya miezi, kiungulia kikamshika. Alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani. Sombe yenye pilipili akaiacha, na shamba la mihogo tukawa tunalima bila yeye. Siku moja akatuambia: "Ile dawa ya moyo nimeiacha. Afadhali nife kwa moyo kuliko kuunguzwa kila usiku." Tulinyamaza, maana wengi wetu tunaujua moto ule.

Aspirini huzuia damu isigande ndani ya mishipa, na kwa njia hiyo inamlinda mgonjwa. Lakini hudhoofisha pia ute unaofunika tumbo kwa ndani, asidi ikapata pa kuchoma, hata kuleta kidonda kinachovuja damu. Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa Uswidi mwaka 1988, hufunga pampu ndogo ndogo za tumbo zinazotoa asidi. Moyo haiutibu. Inamsaidia mgonjwa avumilie dawa ya moyo, ale, alale. Kwa mama anayelisha nyumba nzima, kulala usiku ni dawa pia.

Daktari alimrudishia aspirini pamoja na omeprazoli ya miligramu 20, kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Sasa analala chini kama watu wengine. (Pilipili bado tunamfichia.)

Lakini tusikimbilie kujinunulia. Anayemeza klopidogreli ajue kwamba omeprazoli inaweza kuipunguzia nguvu. Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2009, na daktari anaweza kuchagua pantoprazoli. Tunapoenda kwa daktari tubebe dawa zote za nyumbani, hata zile za kuokota sokoni Luvungi, aziangalie.

Tena, kifua kinachobana, maumivu yakishuka mkononi au kupanda kwenye taya, na jasho baridi, tusiyaite kiungulia. Vilevile choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu ya tumbo. Hapo tusingoje kuche. Tutafute pikipiki usiku uleule, hata kwa deni.