Fundi wa Bergamo katika Kibanda cha Toi

Ushonaji nilijifunza Kawangware, kwa kazi ndogondogo ambazo fundi mkubwa hapendi kuzigusa: kutia vifungo, kupiga pindo, kufumua suruali zinazotakiwa kupunguzwa. Nilipopata kibanda Soko la Toi, Nairobi, upande wa Makina, nilikuta kazi ya aina nyingine. Toi ni soko la mitumba: nguo huja zimeshashonwa, tena zilishonewa mwili wa mtu wa mbali, nasi mafundi tunazigeuza ziwafae walionunua. Mteja huchagua koti la kamera, yaani la daraja la juu, mapema asubuhi, mzigo unapofunguliwa tu, kisha hunijia mabega yakimning'inia. Mwingine hungoja hadi jioni aokote fagia, yaani mabaki ya mzigo, kwa bei ya kutupa, na mara nyingine kitambaa chake huwa imara kuliko cha yule wa asubuhi.

Chini ya mabati, mwanga ndio mali. Cherehani niliiweka mlangoni, karibu na njia ya wapitaji, hata kama vumbi lingenikuta hapo. Nguo nyeusi nilizishona jua likiwa juu, maana uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi haumhurumii mtu. Nyeupe na za rangi nilizibakiza kwa saa za mawingu.

Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko liliteketea. Tulirudi, tukapiga mbao na mabati upya, nami nikaanza kwa cherehani ya kukodi. Baada ya hapo ndipo muuza vitabu vikuukuu alipoleta kitabu cha picha za Ulaya kilichokwisha kung'oka jalada. Nilikinunua kwa ajili ya ukurasa mmoja: mwanamume amesimama mezani, mkononi ana mkasi.

Picha hiyo ilichorwa kati ya 1565 na 1570 na Giovanni Battista Moroni, mzaliwa wa Albino karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Ya asili iko National Gallery, London, iliyoinunua mwaka 1862. Enzi hiyo ya Renesansi, aliyechorwa peke yake kwa heshima namna hii kwa kawaida alikuwa mkuu, kasisi au tajiri. Fundi kuchorwa akiwa kazini lilikuwa jambo adimu, na picha yenyewe haikusahaulika: mwaka 1660 Marco Boschini wa Venice aliisifia kwamba fundi huyu karibu aseme.

Mimi nilianza na nguo. Amevaa koti fupi la mikono mirefu la rangi ya krimu, lililobana kifua, na suruali nyekundu fupi iliyojaa. Kitambaa kilicho mezani ni cheusi, na juu yake kuna mistari ya chaki. Zama zile weusi uliokolea ulikuwa ghali, kwa sababu kitambaa kilitiwa rangi zaidi ya mara moja, na wenye vyeo waliupenda. Kwa hiyo mezani, nionavyo mimi, kuna nguo ya mteja, na rangi za mwilini ni za fundi mwenyewe. Matabaka mawili yamekutana katika picha moja, na tajiri hakuhitaji hata kuonekana.

Kisha nikautazama mwanga. Ukuta wa nyuma ni wa kijivu, mtupu, hauna pazia wala dirisha. Mwanga wote umepewa uso na mikono, yaani jicho linalopima na mkono unaokata. Mchoraji angependa kumpamba angemzungushia vitu. Huyu alimwachia kazi yake tu.

Picha niliibandika juu ya cherehani, na wateja wakaanza kuisoma. Kijana mmoja alisema jamaa anaringa. Bibi mmoja wa Kinubi, aliyekuja kupunguziwa gauni, aliinua miwani akaitazama sana.

"Fundi, huyu anadai mtu," akasema.

"Anamdai nani, bibi?"

"Wewe unayemtazama. Nguo umeleta, maneno hujamaliza."

Tangu siku hiyo sijapata tafsiri bora. Mkasi uko tayari, chaki imeshapigwa, lakini fundi ameinua macho anatutazama. Wengine huona kiburi katika macho hayo. Mimi naona swali. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na hasara inawapata wote wawili: mwenye fedha na mwenye ujuzi. Kwa dakika hiyo tajiri anamhitaji fundi kama fundi anavyomhitaji tajiri, ndiyo maana mtu wa suruali nyekundu anaweza kumtazama mwenye weusi wa ghali bila kuinamisha kichwa.

Vijana wanaojifunza kwangu sasa nawaambia mkasi usifunguliwe kabla mteja hajajibu swali moja: utaivaa wapi? Koti la askari wa zamu ya usiku huachiwa nafasi ya sweta ndani. La bwana harusi hubanwa. La mwanafunzi hukunjwa pindo kubwa, lisikatwe, kwa sababu mwakani atalirudisha tulifungue. Koti linaweza kuwa lilelile, la rangi ileile, limetoka mzigo uleule. Jibu la mteja ndilo linaloamua chaki ipite wapi.