Ukimya wa Trintignant

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huupima uigizaji kwa wingi wa maneno. Jean-Louis Trintignant (1930–2022) alinikosoa. Mfaransa huyu alikuwa mtu wa haya. Katika filamu ya Z (1969) aliigiza hakimu mpelelezi anayehoji kwa upole, nayo Cannes ikamtuza. Mwaka wa 2003 bintiye Marie, naye mwigizaji, alifariki baada ya kupigwa na mpenziwe. Uzeeni, baba huyo alipanda jukwaani kughani mashairi ya Prévert, Vian na Desnos. Hayo wasomi wa ushairi simulizi wangeyafurahia.

Lakini filamu iliyonishika ni Amour (2012). Niliitazama nikiwa mwuguzi wa nyanya yangu aliyepooza upande mmoja. Georges, mzee anayeigizwa na Trintignant, anamnywesha mkewe maji. Mke anayatema, naye anamzaba kofi. Nilizima kompyuta.

Sikuwahi kumpiga nyanya. Ila asubuhi moja alipoukataa uji, nilikibwaga kikombe mezani kwa kishindo. Kauli ilikuwa imekwisha kumtoka. Alinitazama tu, kisha akafumbua kinywa apokee uji.