Mzee wa Reli na Chelezo cha Mwiba wa Nungunungu

Mwaka 1979 Mto Sosiani ulikuwa bado mto wa watoto. Sisi tuliokuwa tukiishi karibu na stesheni ya reli ya Eldoret tuliteremka mtoni kila tulipotoka shule: wengine kuogelea, wengine kufua, na wachache kuvua samaki. Wavuvi tulikuwa wachache kwa sababu wengi wetu tulitoka katika nyumba za wafugaji, ambako samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Mama yangu alilelewa Nandi kwa maziwa ya mursik, na hakukubali samaki aingie katika sufuria yake. Nilichokivua nilikipeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mzee mmoja fundi wa mabehewa. Mkewe alikipika kwa tui la nazi zilizoletwa na treni kutoka Mombasa, nami nikala huko huko.

Mzee huyo alizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Aliingia kazi ya reli wakati Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa na shirika moja, na jumuiya ya nchi hizo tatu ilipovunjika mwaka 1977 marafiki zake wa Tororo na Kampala wakabaki upande wa pili wa mpaka. Yeye akabaki Eldoret, mita zaidi ya elfu mbili juu ya bahari aliyokulia. Jumamosi alasiri alibeba mwanzi wake, akaketi juu ya miamba ya Sosiani na kuvua kwa namna aliyofundishwa na babake kwenye majabali ya Ras Serani. Sisi watoto tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatunyamazisha kwa kidole.

Nilimsogelea kwa ajili ya chelezo chake. Vyelezo vyetu vilikuwa vipande vya gunzi la mahindi, ambavyo baada ya muda hunywa maji vikazama vyenyewe, ukadhani umepata samaki. Wajanja zaidi walikata patipati kuukuu. Chelezo cha Mzee kilikuwa mwiba wa nungunungu, mwembamba na mwepesi, na ncha yake ya juu aliipaka rangi nyekundu. Aliushikiza kwenye mshipi kwa vipete viwili vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu ya valvu ya baiskeli, ili aweze kuupandisha au kuushusha bila kufungua fundo. Chubwi zake zilikuwa sili za risasi zilizokwisha kukatwa kwenye milango ya mabehewa ya mizigo. Alizigonga kwa nyundo zikawa ndogo, akazibana juu ya ndoana mpaka mwiba ukasimama wima na kuonyesha ile nyekundu peke yake.

“Kikielea sana, samaki atahisi uzito, atatema,” aliniambia. “Kibakishe kidogo tu juu ya maji.”

Kupima kina ndilo somo aliloanza nalo. Alifunga nati nzito kwenye ndoana tupu, akaishusha taratibu. Chelezo kikizama chote, maji ni marefu kuliko mshipi ulioupima, basi kipandishe. Kikilala ubavu, nati imekwisha kufika chini na mshipi umelegea, basi kishushe. Ukifika mahali ambapo ncha inachungulia tu, umejua kina cha pale, na hapo ndipo unapoamua chambo kikae wapi. Kambare anatafuta chakula chini kwenye tope, kwa hiyo mnyoo uguse sakafu. Perege hupenda katikati, karibu na majani. Vile visamaki vyenye sharubu fupi vilivyojaa Sosiani vilikuwa penye maji yanayokimbia, nyuma ya jiwe. Kabla ya hapo nilikuwa nikirusha ndoana popote na kungoja bahati.

Desemba ya mwaka huo Mzee alipata likizo, akamwomba baba ruhusa ya kwenda nami Mombasa pamoja na wajukuu zake. Tulipanda treni Eldoret jioni, kesho yake tukawa Nairobi, na usiku uliofuata tukaupitisha njiani tukiteremka pwani. Alichagua Desemba kwa makusudi. Msimu wa kusi, alisema, bahari hupiga majabali kwa hasira na mtu mwenye akili hubaki nyumbani. Kaskazi ikisimama, kuna asubuhi nyingi za kumfundishia mtoto.

Ras Serani ni pale ambapo mlango wa bandari ya Kilindini unakutana na bahari kuu. Juu kuna mibuyu na barabara ya Mama Ngina, chini ni ukuta wa mwamba wa matumbawe ya kale, uliolika na mawimbi mpaka sehemu nyingine zimeingia ndani, na juu yake ukingo umetokeza. Mwamba huo ni mkali. Ukianguka juu yake umechanika, na ukiwa majini chini ya ukingo uliotokeza huna pa kushika. Kwa hiyo Mzee hakunipa mwanzi tulipofika. Alininunulia dafu, akanikalisha juu penye kivuli, akaniagiza nitazame maji.

Tuliyatazama kwa muda mrefu. Alinionyesha mahali ambapo mwamba ni mweusi na wenye utelezi wa kijani: hapo bahari hufika kila siku. Juu yake kulikuwa na mkanda mkavu lakini wenye vishimo vya maji ya chumvi: hapo bahari hufika ikitaka. Mvuvi husimama juu ya mkanda huo, penye mwamba mkavu kabisa. Alinieleza kwamba maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kwa karibu saa moja, na kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita tatu. Njia uliyoshukia asubuhi inaweza kuwa chini ya maji kabla ya adhuhuri. Mwisho akaniuliza: mtu akianguka hapa, atatokea wapi? Nikamwonyesha ukuta ulio mbele yetu. Akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono kwenye mwanya upande wa kushoto, ambako mwamba ulikuwa umeporomoka ukafanya ngazi ya mawe hadi majini. “Ulijue tokeo kabla hujalowesha ndoana,” alisema.

Ndipo tukavua. Maji yalikuwa yameanza kujaa, wakati ambao samaki huukaribia ukuta kula mwani na vijidudu vilivyofunikwa upya. Kwa kuwa kina kilipita urefu wa mianzi yetu, alikiacha chelezo kiteleze juu ya mshipi kwa kipete kimoja cha chini kilicholegezwa. Juu zaidi, kwenye kina alichokipima, alifunga fundo la uzi na mbele yake akatia ushanga, ili chelezo kikifika hapo kikwame. Chambo kilikuwa unga wa ngano uliokandwa na kipande kidogo cha kamba wa baharini. Kila baada ya muda alitupa mkate uliolowekwa, chembe chache tu. Chelezo kilitikisika, kikatulia, kikatikisika tena. Nilitaka kuvuta. Mzee akanishika kiko cha mkono, akanizuia mpaka ncha nyekundu ilipoanza kwenda upande na kuzama bila kurudi. Nikainua. Alikuwa tafi, mviringo, rangi ya mchanga wenye madoa. Kabla sijamgusa Mzee alimfunika kwa kitambaa chenye maji, kwa maana miba ya mgongo na tumbo la tafi ina sumu, na uchungu wake huweza kukaa saa nyingi. Anayechomwa, alisema, hutia mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyevua peke yake chini yetu, juu ya ule mwamba wa kijani. Meli kubwa ya mizigo ilipita ikielekea Kilindini, polepole na karibu zaidi kuliko nilivyowahi kufikiri meli inaweza kupita. Mzee akatuamuru tukunje mishipi na kupanda. Akamwita yule kijana: “Panda juu, mwanangu!” Kijana akajibu kwamba meli imekwisha kupita. Kweli ilikuwa imepita. Kisha maji yakarudi nyuma. Ukuta ukaonekana chini kuliko tulivyouona asubuhi yote, mwani ukining’inia, na mara bahari ikapanda kwa mkupuo mmoja mpana usio na povu, ikamfikia kijana kiunoni. Iliposhuka, ukingo ulikuwa mtupu.

Sikumwona Mzee akikimbia. Alichukua mtungi wa plastiki tuliokuwa tumeukalia, mtupu, umefungwa kifuniko, na kamba ndefu shingoni mwake. Mimi nilidhani ni wa kubebea samaki. Aliutupa mbele ya kijana, akampigia kelele aukumbatie na ajitenge na ukuta. Kijana alitaka kurudi pale pale alipoangukia, na kila wimbi lilimgonga mwambani. Mjukuu mmoja alipovua shati ili ajitose, Mzee alimshika ukosi bila kumtazama. Akatembea juu ya mwamba akiishika kamba, akimwongoza yule kijana kuelekea kwenye mwanya. Hapo akangoja wimbi limwinue, akavuta, sisi sote tukavuta naye. Kijana alitoka magoti na viganja vikiwa vimechanwa, akalia. Mzee alimwosha vidonda kwa maji yetu ya kunywa, wala hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba meli huacha deni lake nyuma, na kwamba kesho aje na mwenzake.

Tuliporudi Eldoret nilidhani mambo hayo ya bahari yamebaki pwani. Masika ya mwaka 1980 yalinionyesha vingine. Jumapili moja tulikuwa juu ya miamba ya Sosiani, jua likiwaka mjini, mimi na Mzee na wavulana wengine. Chelezo changu kilianza kwenda upande, lakini bila kuzama. Mzee alikitazama, akatazama maji: yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na yalibeba majani mabichi na vijiti. Mawingu yalikuwa mbali, juu ya Kaptagat, ambako mto huu hupata maji yake. Tulipanda ukingoni. Muda si mrefu jiwe tulilokuwa tumekalia halikuonekana tena, na watoto waliokuwa wakioga upande wa chini tuliwahi kuwaita wakatoka. Hakuna aliyezama siku ile.

Mzee alistaafu akarudi Kibokoni, akafia huko. Mengi yamebadilika. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa ya samaki mwaka 2009, watu wa Uasin Gishu wamejifunza kufuga perege na kambare, na nyumba ambazo samaki hakuingia jikoni sasa zinamnunua sokoni. Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha sayansi ya uvuvi pale Chepkoilel. Mji wetu ulitangazwa kuwa jiji mwezi Agosti 2024. Lakini Sosiani unaopita katikati ya jiji hilo umejaa plastiki na maji machafu, na siwezi kumshauri mtu ale samaki wake. Mto uliotulea unastahili kusafishwa, na hilo ni deni la sisi tuliokula kwake.

Vijana wanaoniomba niwafundishe nawapeleka bwawani, palipo na ruhusa ya kuvua, baada ya kuuliza ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu leseni. Patipati inatosha kwa chelezo, nati inatosha kwa chubwi, na mnyoo haununuliwi. Kufunga ndoana nawafundisha kwa dakika chache. Muda mrefu tunautumia kwenye maswali ya Mzee: maji yalifika wapi jana, yanatoka wapi leo, wewe utatokea wapi ukianguka, na nani yuko hapa wa kukutupia mtungi. Kila mwaka tunazika watoto waliozama katika mito na mabwawa yetu, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa maswali hayo. Mzazi asiyejua kuvua anaweza kuyauliza. Mwalimu pia anaweza, tena darasani, kabla mtoto hajafika kwenye maji.