Kolo: mwanamke aliyevutwa pande mbili

Ukitoka Kondoa mjini kuelekea Babati, mwendo wa kilometa 25 hivi, unafika Kolo. Chukua mwongozaji katika ofisi ya Mambo ya Kale, fuata njia ya vumbi, kisha panda kilima kwa miguu. Vaa viatu imara na beba maji.

Miamba ya huko, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina tembo, twiga na watu wembamba warefu, wote wekundu. Katika mchoro mmoja mwanamke yuko katikati, ameshikwa mikono huku na huku. Mtafiti Mary Leakey aliona humo utekaji: wengine wanamvuta, wengine wanamzuia. Wapo wataalamu wanaosema ni ngoma ya uganga.

Leakey mwenyewe alijua kuvutwa. Alizaliwa London mwaka 1913, akafukuzwa shule mbili za masista, wala hakusomea shahada. Akiwa na miaka 20 alimpenda Louis Leakey, mume wa mtu. Mwaka 1935 mama yake alimchukua safari ya kusini mwa Afrika, akitumaini atamsahau. Binti akaachana na mama, akaja Tanganyika kwa Louis. Ndipo alipoiona michoro ya Kondoa. Walioana Desemba 1936, Louis akiwa ameshaachana na mkewe aliyebaki na watoto wawili. Machungu ya huyo nayo tusiyafiche.

Mwaka 1951 Mary alirudi, akakaa miezi akinakili michoro kwa mkono. Kazi hiyo ilimpa heshima ambayo vyeti havikumpa.

Mimi huandika habari za afya, na pale mwambani niliwafikiria mabinti wa leo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Nyonga ya binti huyo huenda haijakomaa. Uchungu ukikwama, anaweza kupoteza mtoto na kubaki na fistula.

Wazazi, mkipita Kolo na binti zenu, simameni kwenye mchoro ule. Msiwaeleze kwanza. Waulizeni wao wanadhani yule mwanamke alitaka kwenda upande gani.