NESI UGHAIBUNI, SEHEMU YA 9: Mifupa ya Atiku Haitupwi kwa Mbwa

Baada ya sehemu ya nane wengi mliniandikia: "Dada nesi, huko Labrador unahudumia Waeskimo?" Leo nawajibu, na kaa vizuri maana ni ndefu kidogo.

Wagonjwa wetu ni wa kila aina, ila leo nataka uwajue Wainnu. Usiwachanganye na Wainuit, ambao ndio walioitwa Waeskimo zamani. Majina yanakaribiana, lakini watu ni tofauti na lugha ni tofauti. Lugha ya Wainnu ni Innu-aimun, na neno Innu maana yake ni mtu. Sisi Wabantu hilo halitusumbui, na sisi jina letu ni "watu" tu. Nchi yao wanaiita Nitassinan, yaani nchi yetu. Ni Labrador na mashariki ya Quebec, huku Kanada. Upande wa Labrador wana makazi mawili, Sheshatshiu na Natuashish.

Nitangulize jambo moja. Hapa sisimulii mgonjwa yeyote. Siri ya mgonjwa ni siri hata ukiwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Nitakayosema ni mambo yanayojulikana wazi, na jinsi yanavyoingia kwenye kazi yangu.

Tuanze na mnyama. Wainnu wanamwita atiku. Wazungu wanamwita caribou, na wewe mswahili ukilisikia neno hilo kwenye korido utageuka ukidhani unakaribishwa! Ana pembe zenye matawi, hata majike mengi wanazo, na anatembea kwa makundi makubwa. Zamani atiku alikuwa chakula, nguo, ngozi ya hema na kamba za kusukia viatu vya theluji. Familia zilihama kumfuata, baridi zikiwa ndani kabisa ya nchi, kiangazi zikishuka kuelekea pwani.

Hata watoto walibeba mzigo. Mama anashona mwanasesere, anamshindilia majani ya chai, karibu kilo. Mtoto anacheza naye njiani. Chai ikiisha kambini, mwanasesere anafumuliwa, chai inachemshwa, kisha anajazwa nyasi na mtoto anaendelea na mchezo wake. Wanasesere hao wanashonwa mpaka leo.

Sasa njoo kwenye heshima. Kwa imani yao, atiku ana mwenyewe, anaitwa Kanipinikassikueu. Yeye ndiye anayetoa wanyama, na yeye ndiye anayenyima. Ukitupa nyama ovyo au ukawaachia mbwa mifupa, umemkosea. Kwa hiyo mifupa mirefu ya miguu inapondwa na kuchemshwa, mafuta yanaenguliwa, na uroto unaliwa kwa pamoja chini ya usimamizi wa wazee. Karamu hiyo ni mukushan. Kuna na ngoma, teueikan, lakini si kila mtu anaigusa. Anayepiga lazima awe ameiota kwanza, na desturi inasema mara tatu.

Ukiniuliza mimi kama nesi, naona na jambo jingine humo. Mtu anayeishi kwa nyama ya porini isiyo na mafuta atadhoofika hata kama anashiba kila siku. Mafuta ya kwenye mifupa ndiyo yanayombeba mpaka baridi iishe. Sisemi hiyo ndiyo maana ya mukushan, ibada ina maana yake yenyewe. Nasema tu kwamba aliyeheshimu mfupa alikuwa pia analinda mwili wake.

Hapa ndipo panaponiuma. Maisha hayo hayakuisha kwa sababu watu waliyachoka.

Mwaka 1967 Wainnu wa kaskazini walihamishiwa kisiwani, mahali palipoitwa Davis Inlet. Barafu ikiwa inaganda au inavunjika, huwezi kuvuka kwenda bara kuwinda. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba. Walikaa hivyo mpaka walipohamia Natuashish kuanzia mwaka 2002. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, bwawa la umeme la Churchill Falls lilimeza ziwa lao la Meshikamau pamoja na kambi na makaburi ya wazee wao. Miaka ya 1980 ndege za kivita za nchi za NATO zikawa zinafanya mazoezi kutoka Goose Bay, zinapita chini kabisa juu ya mahema. Mwaka 1988 Wainnu, akina mama wakiwa mbele, waliingia kwenye njia ya kurukia ndege wakakamatwa. Mmoja wao ni mama Tshaukuesh Elizabeth Penashue. Baadaye, kwa miaka mingi, aliongoza watu kutembea wiki kadhaa kwenye theluji kwenda nutshimit.

Nutshimit shika hilo neno. Ni kule ndani, porini, kwenye hema lenye sakafu ya matawi ya msprusi. Wazee wengi wa Kiinnu wanasema wazi kwamba afya yao iko huko.

Na sasa atiku mwenyewe amepungua. Kundi la mto George lilikuwa na wanyama zaidi ya 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hesabu ya 2018 ilipata kama 5,500. Serikali ya jimbo ilipiga marufuku kuwawinda mwaka 2013.

Sasa fikiria uko zamu. Mbele yako kuna mtu mwenye kisukari. Ushauri wetu unaujua: punguza sukari na unga, kula nyama isiyopitia kiwandani, tembea kila siku. Ukiyatazama vizuri, hayo ndiyo maisha ya nutshimit. Unamwandikia mtu dozi ya kitu kilekile alichoondolewa, halafu unamrudisha kwenye makazi kama Natuashish, ambako hakuna barabara na vyakula vya dukani vinafika kwa ndege au meli, kwa bei ambayo hata mimi mwenye mshahara ningeguna.

Siku hizi kabla ya kutoa kipeperushi nauliza. Nani anavua samaki hapo nyumbani? Bata bukini wakija, mnaenda? Mara ya mwisho kwenda nutshimit ni lini? Mtu aliyekuwa anaitikia "ndiyo, nesi" huku anaangalia dirisha, mara nyingi hapo ndipo anaanza kuongea, na ushauri unapata pa kushika: samaki yupo, bukini wapo, kutembea kupo, wajukuu wa kwenda nao wapo.

Diploma yangu ilinifundisha makundi ya vyakula. Hili la kuuliza chakula kilitoka wapi, na nani alikizuia, nimelipata huku. Wewe muuguzi mwenzangu unayesoma, kabla hujamwambia mgonjwa aache anachokula, jua kwanza kwa nini anakila.

Sehemu ya kumi nitawaletea matutishan, hema lao la mvuke.